Issigonis: Jamaa aliyefundisha vigari kushika barabara

Simama juu ya daraja la watembea kwa miguu pale Roysambu Jumamosi asubuhi, uangalie gari zinazopita chini yako kwenye Thika Road. Vitz. Demio. Fit. Note. March. Vitz tena. Vigari vifupi visivyo na buti ya kujitokeza, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, na ndani kuna kijana ambaye bado analipa mkopo wa sacco lakini mguu ameuacha kwenye mafuta hadi sindano imepita 100. Analipita trela. Upepo wa trela unakipiga kigari ubavuni, kinayumba kidogo, kisha kinarudi kwenye leni yake ni kama hakuna kitu kimefanyika.

Dereva huwa anadhani ni yeye amekirudisha. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hiyo ilianza na mzee mmoja aliyefariki mwaka 1988, mtu ambaye alifeli mtihani wa hesabu mara tatu, hakuwahi kuoa, aliishi na mamake hadi mamake akafa, na alikuwa na kiburi cha kuwaudhi hata waliompenda. Jina lake ni Alec Issigonis. Ndiye aliyebuni Mini.

Alizaliwa tarehe 18 Novemba 1906 mjini Smyrna, bandari ambayo leo inaitwa Izmir, nchini Uturuki. Wakati huo mji ulikuwa chini ya milki ya Ottoman. Babake, Constantine, alikuwa Mgiriki mwenye uraia wa Uingereza, na alikuwa na karakana kubwa ya mitambo ya meli. Mamake, Hulda, alikuwa wa asili ya Ujerumani. Kijana alikulia katikati ya vyuma, mvuke na grisi, na mapenzi ya injini za mvuke hayakumtoka hadi uzeeni.

Kisha vita vya Wagiriki na Waturuki vikavuruga kila kitu. Septemba 1922 jeshi la Uturuki liliingia Smyrna na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Meli za Uingereza ziliwabeba raia wake hadi kisiwa cha Malta, na familia ya Issigonis ilikuwa miongoni mwao. Walioondoka nyumbani wakiwa matajiri walishuka bandarini wakiwa wakimbizi. Constantine alifia huko Malta, na Alec, kijana wa karibu miaka 16, akabaki na mamake tu. Wawili hao wakaelekea Uingereza, nchi ambayo pasipoti zao zilisema ni yao ingawa hawakuwa wamewahi kuishi huko.

Jijini London alijiunga na chuo cha Battersea kusomea uhandisi. Kuchora alikuwa hodari. Hesabu ndizo zilimweka. Alifanya mtihani huo mara tatu na mara zote tatu ukamwangusha, kwa hivyo hakupata digrii. Maisha yake yote aliendelea kushikilia kwamba hesabu tupu ni adui wa ubunifu. (Wewe uliyepata D kwenye KCSE, usikimbie na hiyo habari. Nyuma ya Issigonis daima kulikuwa na watu wa kumfanyia hizo hesabu, na tutakutana na mmoja wao hivi karibuni.)

Katikati ya miaka ya 1920 yeye na mamake walizunguka Ulaya kwa gari aina ya Singer. Gari lenyewe liliharibika njiani mara nyingi hadi ikabidi kijana alijue kwa mikono, nati kwa nati. Ukitaka shule ya ufundi, hiyo ilikuwa nzuri kuliko ile ya Battersea.

Mwaka 1934 alipata kazi Humber, mjini Coventry, na mwaka 1936 akahamia Morris, kiwanda cha Cowley kando ya Oxford. Kote alipewa kazi moja: jinsi magurudumu yanavyobebwa na jinsi yanavyogeuzwa. Ni kazi ambayo wengi waliiona ya kuchosha, lakini kwake ndiyo iliyokuwa roho ya gari.

Elewa hali ilivyokuwa. Gari nyingi za Uingereza za wakati huo zilikuwa na ekseli moja nzima mbele, chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gurudumu moja likiingia kwenye shimo, la upande wa pili linapata habari papo hapo. Linainama, linabadilisha mwelekeo, na usukani unaruka mikononi mwa dereva. Kwa mwendo wa punda hiyo si shida. Ukifika kilomita 90 kwa saa, ni kama kuendesha meza. Issigonis alitaka kila gurudumu lijitegemee, lipande na kushuka peke yake bila kumsumbua mwenzake, ili tairi zote nne zibaki zimegusa lami. Ni hapo tu penye mshiko: sehemu nne za mpira, kila moja kama ukubwa wa kiganja.

Wakati wa mapumziko, yeye na rafiki yake George Dowson walijitengenezea gari la mashindano kwa mikono, kwenye karakana ndogo, kwa miaka kadhaa. Waliliita Lightweight Special. Halikuwa na fremu nzito ya chuma kama gari za siku hizo. Ubavu wake wa mbao nyembamba na alumini ndio uliokuwa fremu yenyewe. Springi zake hazikuwa za chuma. Zilikuwa za mpira. Kumbuka huo mpira.

Mshale na yai

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikiendelea, Morris walimruhusu Issigonis aanze kuchora kigari cha watu wa kawaida. Kilitoka mwaka 1948, kwenye maonyesho ya Earls Court jijini London, kikaitwa Morris Minor. Muulize babu yako kama anakikumbuka. Barabara za Kenya zilijaa hizo gari miaka ya 1950 na 1960, zile za mgongo wa mviringo na taa kama macho ya chura.

Kuna kisa maarufu cha Minor. Gari la majaribio lilikuwa limekamilika, lakini kila Issigonis alipolitazama aliona halijakaa sawa: jembamba mno kwa urefu wake. Basi akaagiza mafundi walikate katikati, kutoka pua hadi mkia, kama mkate. Nusu mbili zikasogezwa mbali kidogo kidogo hadi macho yake yakaridhika. Nafasi iliyobaki katikati ilikuwa inchi 4. Gari likaongezwa upana huo, na kwa kuwa bampa zilikuwa zimeshatengenezwa, zikakatwa na kuungwa kipande katikati. Ukiiona Minor ya zamani kabisa utaona kiraka hicho, na pia ukanda bapa uliopita katikati ya boneti.

Macho yalimwongoza, lakini faida yake ilikuwa ya barabarani. Gari pana haliinami sana kwenye kona, kwa sababu miguu yake imetanuka. Ni kama mtu kwenye matatu iliyojaa: ukisimama na miguu pamoja, kona ya kwanza unamwangukia mama wa watu. Ukiitanua, unabaki wima.

Jambo la pili aliloweka kwenye Minor ni gumu kidogo kuliona, nalo ndilo linalohusu ule upepo wa trela. Aliisukuma injini mbele kabisa. Washindani wake wa Ujerumani, Volkswagen, walikuwa na injini nyuma. Sasa fikiria mshale. Kichwa chake ni kizito, mkia wake ni mwepesi na una manyoya. Upepo ukiusukuma, unasukuma zaidi mkia, na mshale unaelekeza pua ulikokuwa ukienda. Geuza mshale, utupe mkia ukiwa mbele, uone utakavyopinduka hewani. Gari lenye uzito mbele hufanya kazi ya mshale uliotupwa sawasawa. Upepo wa pembeni ukilipiga, pua haihami upesi, na dereva ana nafasi ya kusahihisha kwa kidole. Wenye Volkswagen za zamani walijua vizuri kazi ya kushindana na usukani siku ya upepo.

Akaongeza usukani wa raki, ule wa meno yanayoshikana moja kwa moja, usio na ulegevu katikati. Akaongeza fito za chuma zinazojisokota badala ya springi kwenye magurudumu ya mbele. Matokeo yakawa kigari kilichoshika kona kuliko gari za bei mara mbili. Tatizo lilikuwa injini, mzee wa zamani wa cc 918, ambayo ilihangaika kufika kilomita 100 kwa saa. Yaani gari lilikuwa na adabu kuliko nguvu. Mwenye kampuni, Lord Nuffield, hakulipenda hata kidogo. Alilifananisha na yai lililopikwa kwenye maji. Hata hivyo Minor ikawa gari la kwanza la Uingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja.

Mwaka 1952 Morris na Austin waliungana wakawa BMC, na Issigonis, ambaye hakupenda kuwa samaki mmoja kwenye bwawa kubwa, akaondoka kwenda Alvis. Huko alichora gari la kifahari la silinda nane ambalo halikuwahi kutengenezwa kwa sababu pesa ziliisha. Mwishoni mwa 1955 mkubwa wa BMC, Leonard Lord, alimrudisha.

Mfereji wa Suez na kigari cha mita tatu

Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez. Kufikia Desemba, baada ya vita vya Uingereza, Ufaransa na Israeli dhidi ya Misri, mafuta yalikuwa yakigawiwa kwa kuponi nchini Uingereza. Ghafla watu wakaanza kununua vigari vya Kijerumani vyenye umbo la yai, vingine vya magurudumu matatu. Leonard Lord alivichukia vigari hivyo kabisa. Machi 1957 alimwambia Issigonis aache kila kitu na amtengenezee gari dogo halisi la kuviondoa barabarani, upesi, kwa sharti moja: atumie injini ambayo kampuni tayari inatengeneza.

Issigonis alijifungia na watu wachache. Msaidizi wake mkuu aliitwa Jack Daniels. Ndiyo, kama ile chupa. Huyo ndiye aliyekuwa akipokea michoro ya kalamu ambayo Issigonis alichora popote penye nafasi, na kuigeuza kuwa vipimo vya kweli. Bila yeye Mini ingebaki mapambo kwenye karatasi.

Swali lilikuwa hili: utaketisha vipi watu wazima wanne na mizigo ndani ya gari lenye urefu wa futi 10, yaani mita 3.05? Jibu la Issigonis lilikuwa kuilaza injini ikingame, kutoka gurudumu hadi gurudumu badala ya kutoka pua hadi kiti. Giaboksi akaiweka chini ya injini, ndani ya tangi la oili, vyote viwili vinywe oili moja. Magurudumu ya mbele ndiyo yavute, ili kusiwe na shafti ndefu inayopita chini ya abiria. Magurudumu yenyewe yakawa ya inchi 10, madogo hivi kwamba Dunlop walilazimika kuyatengenezea tairi maalumu, na yakasukumwa hadi pembe za mwisho kabisa za gari. Asilimia 80 ya sakafu ikawa ya watu na mizigo.

Tuseme ukweli: si yeye wa kwanza kukingamisha injini na kuvuta kwa mbele. DKW wa Ujerumani walifanya hivyo mwaka 1931. Lakini wao walitumia injini ndogo ya silinda mbili. Kuifanya na injini ya silinda nne, ndani ya mita tatu, kwa gari la watu wengi, hapo ndipo Issigonis alipoipindua dunia.

Sasa turudi kwenye mpira. Gari lenyewe lilikuwa na uzito wa takriban kilo 600. Wakiingia watu wazima wanne na mizigo yao, wanaongeza karibu nusu ya uzito wa gari. Springi ya chuma iliyo laini kwa dereva peke yake italala chini wakiingia wanne. Iliyo ngumu kwa wanne itamrusha dereva akiwa peke yake. Alex Moulton, rafiki yake Issigonis na mtaalamu wa mpira, alileta suluhisho: vipande vya mpira vyenye umbo la pia. Kadiri unavyoukandamiza mpira huo, ndivyo unavyozidi kuwa mgumu. Ukiwa peke yake ni laini kiasi. Wakijaa, unajikaza. Na kwa kuwa haukuchukua nafasi, gari likakaa chini, karibu na lami.

Weka hayo yote pamoja uone kilichotokea kwenye kona. Uzito uko mbele na chini. Magurudumu yako pembeni kabisa. Mwili hauinami kwa sababu mpira ni mgumu. Usukani unajibu mara moja. Kigari kilichochorwa kwa ajili ya mama kwenda sokoni kikawa kinapita kona kuliko gari za michezo. Hili halikuwa lengo la kwanza. Issigonis alitaka tu gari lisilomshtua dereva. Lakini ukijenga gari lisilomshtua dereva polepole, utagundua halimshtui hata kwa kasi.

Gari za kwanza za majaribio zilikuwa na injini ya cc 948 na zilikimbia hadi karibu kilomita 145 kwa saa. Wakubwa wakaogopa. Mwaka 1957 hakuna aliyetarajia kumpa mwanafunzi wa udereva kigari cha kasi hiyo. Injini ikapunguzwa hadi cc 848, kasi ikashuka hadi kama 116. Betri ikahamishiwa kwenye buti ili mkia usiwe mwepesi mno, na kifaa kikawekwa cha kupunguza nguvu ya breki za nyuma, kwa sababu dereva alipokanyaga kwa ghafla uzito wote ulikimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yakafunga na gari likataka kugeuka lielekee lilikotoka. Ni mambo madogo kama haya, ambayo hayaonyeshwi kwenye tangazo, yanayoamua kama utafika nyumbani.

Mini ilizinduliwa tarehe 26 Agosti 1959 kwa bei ya pauni 496. Za kwanza zilivuja maji sakafuni, na mvua kubwa ilizima injini kwa sababu sehemu za umeme wa plagi zilielekea mbele, nyuma tu ya grili. Inasemekana pia kwamba Ford walinunua moja, wakaifungua nati zote, wakapiga hesabu na kugundua kwamba BMC walikuwa wakipata hasara kwa kila gari. Hesabu tena, unaona.

Kona, barafu na Monte Carlo

Mtu wa kwanza kuona kigari hiki kingeweza kushinda mashindano alikuwa John Cooper, mtengenezaji wa gari za Formula One ambaye timu yake ilitwaa ubingwa mwaka 1959 na 1960. Issigonis hakutaka. Gari lake lilikuwa la watu wa kawaida, si la wakimbiaji. Cooper akapita juu ya kichwa chake, akamwendea George Harriman, mkubwa wa BMC, na mwaka 1961 Mini Cooper ikatoka ikiwa na injini ya cc 997 na breki za diski mbele. Miaka miwili baadaye ikaja Cooper S.

Januari 1964, Paddy Hopkirk wa Ireland Kaskazini na msoma ramani wake Henry Liddon walishinda Monte Carlo Rally wakiwa na Cooper S ya cc 1071. Waliyemshinda alikuwa Bo Ljungfeldt, akiwa na Ford Falcon ya silinda nane. Kanuni za mashindano ziliwapa nafuu wenye injini ndogo, hilo lisifichwe. Lakini kanuni hazishiki barafu. Kwenye milima ya Alps, mahali ambapo lami ilikuwa kioo, Falcon ilikuwa na nguvu isiyokuwa na pa kuikanyagia, huku Mini ikijivuta kwa magurudumu ya mbele yaliyolemewa na injini juu yake. Mwaka 1965 alishinda Timo Mäkinen wa Finland. Mwaka 1966 Mini zilishika nafasi tatu za kwanza, zote zikafutwa kwa sababu ya balbu za taa, na ushindi ukapewa Citroën. Mpaka leo ukitaja taa hizo mbele ya Mwingereza wa umri fulani, ugomvi unaanza. Mwaka 1967 Rauno Aaltonen, naye wa Finland, akarudisha taji.

Wafini hao walikuwa wamegundua kitu ambacho kila anayeendesha Vitz au Demio anafaa kujua. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina tabia mbili kwenye kona. Ukikanyaga mafuta sana, tairi za mbele zinachoka: zinatakiwa kuvuta na kugeuza kwa wakati mmoja, haziwezi, na pua inakataa kona, inaenda moja kwa moja. Ukishtuka ukaachilia mafuta ghafla, uzito unaruka mbele, mkia unakuwa mwepesi, na nyuma inatoka. Kigari kifupi kinazunguka haraka sana. Urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la Mini ulikuwa mita 2 na ushei tu. Mäkinen na Aaltonen walifanya makusudi. Walibaki na mguu wa kulia kwenye mafuta huku wa kushoto ukigusa breki, wakautoa mkia kidogo tu, kiasi walichotaka, ili pua ielekee ndani ya kona. Wewe ukiwa kwenye kona ya Limuru na mvua, ukaona lori, ukaachilia mafuta na kukanyaga breki pamoja, umefanya jambo lile lile bila kukusudia.

Ndiyo maana fundi mwenye akili atakwambia tairi mpya mbili ziende nyuma, hata kama ni za mbele zinazovuta. Za mbele zikiteleza, unaweza kupunguza mwendo. Za nyuma zikiteleza, tayari uko kando ya barabara. Na wale vijana wanaokata springi kwa grainda ili Vitz ikae chini kama ya kwenye video, wajue kwamba Mini ilikaa chini kwa sababu kila kitu chake kilichorwa kikiwa chini. Springi iliyokatwa inafika mwisho kwenye tuta la kwanza, gurudumu linaruka, na tairi iliyo hewani haigeuzi gari.

Issigonis mwenyewe aliamini kushika barabara ndiyo usalama wote. Alishikilia kwamba gari lenye breki nzuri na usukani mzuri humwezesha dereva kuikwepa ajali, na anayegonga ni kosa lake. Hakupenda redio ndani ya gari, na viti vya Mini vilikaa wima kama vya kanisani, kwa imani kwamba dereva anayestarehe sana husinzia. Kwa upande mmoja alikuwa sahihi: ajali isiyotokea haihitaji mkanda. Kwa upande mwingine, mimi simfuati. Mlevi anayekuja upande wako hajali usukani wako ni mzuri kiasi gani, na ndani ya Mini ya 1959 kilichokuwa kati yako na yeye ni bati jembamba. Vigari vya leo vimerefuka na kuwa vizito hasa kwa sababu wengine walikataa kumfuata hapo.

Kiburi kilimzidi alipofanikiwa. Wafanyakazi walimbandika jina la utani kutokana na majivuno yake. Alidharau kuwauliza wanunuzi wanataka nini. Gari lake la 1962, BMC 1100, lilikuwa zuri na liliuzwa sana. Austin 1800 ya mwaka 1964 ilitwaa tuzo ya gari bora la mwaka barani Ulaya lakini wanunuzi hawakuikimbilia. La mwisho, Austin Maxi ya mwaka 1969, lilikuwa na milango mitano, ule wa nyuma ukifunguka juu, yaani hachibeki kamili, na gia tano. Wazo lilikuwa la miaka kumi mbele. Lakini milango ya pembeni waliazima kutoka kwa Austin 1800 ili kuokoa pesa, na gia za kwanza kwanza zilikuwa ngumu kuingia. Watu wakacheka.

Wakati huohuo Italia kulikuwa na Dante Giacosa wa Fiat, mtu mpole zaidi, aliyelitazama wazo la Mini na kurekebisha kasoro yake kubwa. Badala ya kuificha giaboksi chini ya injini, aliiweka mwishoni mwake, zikiwa zimepangana, na shafti mbili za urefu tofauti kuelekea magurudumu. Alianza na Autobianchi Primula ya mwaka 1964. Mpango huo ni rahisi kutengeneza, rahisi kufungua, na kila kimoja kina oili yake. Funua boneti ya Vitz: utakuta wazo la Issigonis kwa mpangilio wa Giacosa.

Issigonis alijua Mini inahitaji mrithi. Kufikia 1968 alikuwa ameshachora kigari kilichoitwa 9X, kifupi hata kuliko Mini lakini chenye nafasi zaidi ndani, chepesi, chenye injini mpya na mlango wa nyuma unaofunguka juu. Magari ya majaribio yalijengwa na yaliendeshwa. Mwaka huohuo BMC ikamezwa katika muungano wa British Leyland, na wakubwa wapya, wakiongozwa na Donald Stokes, hawakuwa na haja ya mzee mkaidi anayetengeneza gari zisizoleta faida. 9X ikafungiwa stoo. Ufaransa ikatoa Renault 5 mwaka 1972, Ujerumani ikatoa Golf mwaka 1974, na Uingereza ikaendelea kuuza Mini ileile.

Mwaka 1969 alipewa cheo cha Sir. Alistaafu 1971, na zawadi ya kuagwa ilikuwa seti kubwa ya Meccano, vile vyuma vya kuchezea vya kuunganishwa kwa skrubu. Mamake alifariki mwaka uliofuata. Aliendelea kuwa mshauri wa kampuni, akifanya kazi nyumbani kwake Edgbaston, Birmingham, ambako treni ndogo za mvuke alizojenga mwenyewe zilikuwa na reli yao bustanini. Alikuwa bado anaihangaikia 9X. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1988, akiwa na umri wa miaka 81.

Mini yake ilitengenezwa kwa miaka kumi na miwili zaidi baada ya yeye kufa. Ya mwisho ilitoka kiwanda cha Longbridge Oktoba 2000, baada ya zaidi ya milioni 5.3. Kufikia wakati huo jina la Mini lilikuwa mali ya BMW ya Ujerumani, walioinunua kampuni mama mwaka 1994 chini ya mkurugenzi wao Bernd Pischetsrieder. Huyo alikuwa wa ukoo wa Hulda, mamake Alec.